Rangi ya Makohozi

Euphrasia Nekoye hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa duka la mitishamba kwa bega, na kabla kengele ya mlangoni haijanyamaza alikuwa ameshalitupa furushi lake juu ya kaunta. Pakiti nne za karatasi zikatawanyika. Moja ikapasuka, maganda makavu ya chenza na vipande vyeupe vya mizizi vikamwagika hadi kwenye mizani ya shaba.

"Hii ni dawa ama ni takataka?" akauliza. "Niambie. Ni dawa ama ni takataka?"

Daktari Guo, mama wa makamo aliyevaa fulana ya sufu na miwani ya kamba, alikuwa anapima kitu. Hakuruka wala hakupiga kelele. Alimalizia kupima, akafunga droo, kisha akaanza kuokota maganda moja moja na kuyarudisha kwenye karatasi yake. Utulivu ule ulimchoma Euphrasia kuliko tusi. Ukija na vita yako umeibeba kutoka mbali, halafu mtu anakuokotea maganda!

Na Euphrasia alikuwa na haki ya kukasirika, au ndivyo alivyojiona. Mama yake, Mama Nabwile, alifika kutoka Chwele, Bungoma, wiki saba zilizopita, kuja kumtembelea binti yake aliyeolewa hapa Maryland. Baridi ya Novemba ikampokea na kikohozi. Hospitali akaikataa katakata, akasema hakuvuka bahari kuja kulala wodini. Ndipo Jepkosgei wa kanisani, ambaye kikohozi chake cha miezi miwili kilikuwa kimeisha kwa dawa za huyu Mchina wa Rockville, alipomsifia mitishamba hadi mama akakubali. "Mizizi naijua," alisema Mama Nabwile. "Hiyo nitakunywa." Alhamisi iliyopita akaletwa hapa, akapewa pakiti kumi, achemshe moja kila siku kwenye chungu, maji yapungue hadi kikombe kimoja.

Leo ni Jumatano. Alhamisi mama alikuwa akikohoa huku anakunja nguo. Leo alfajiri Euphrasia alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika godoro kwa mikono miwili, anajaribu kusali Baba Yetu na hafiki kwenye mkate wa kila siku bila kutafuta pumzi. "Ni dawa inafanya kazi," mama alisema. Euphrasia akafunga furushi la pakiti zilizobaki, akaenda nalo kazini, akaomba ruhusa saa sita, akaendesha gari moja kwa moja hadi hapa.

"Mama yangu ana hali mbaya kwa sababu yako," akasema. "Umempa nini?"

Daktari Guo alifungua sanduku la kadi, akachomoa moja, akaiweka juu ya kaunta na kuigeuza imtazame mteja wake. Iliandikwa Kichina, na chini yake Kiingereza cha herufi ndogo. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Makohozi: meupe, mepesi, machache. Homa: hapana. Kiu: hapana. Ulimi: haukuonyeshwa." Akainua macho. "Kwa makohozi meupe na mepesi, mwili una baridi na unyevu. Natoa maganda ya chenza yaliyokaa miaka, natoa mizizi ya kukausha, natoa tangawizi ya kupasha moto. Hiyo ndiyo niliyotoa. Makohozi ya njano na mazito ni jambo lingine kabisa. Hapo napoza, sipashi. Mtu mwenye moto kifuani ukimpa tangawizi yangu ni kama kumwongezea kuni."

"Nani alikuambia ni meupe?"

"Aliyekuja naye. Mwanamume."

"Na ulimi? Daktari gani anatoa dawa bila kuona ulimi? Si ninyi mnasema ulimi ndio kila kitu?"

Sasa Daktari Guo naye akawaka. Alivua miwani. "Nilimwambia mara tatu atoe ulimi. Alijifunika mdomo kwa kitambaa akatazama sakafu. Yule mwanamume alisimama pale," akaonyesha kona yenye kalenda, "ametupa mgongo, uso ukutani. Nauliza swali, yeye anauambia ukuta, mama yako anajibu neno moja, yeye analitoa ukutani analileta kwangu. Miaka ishirini na sita nauza dawa, sijawahi kuona mgonjwa na mkalimani wake wanaopeana mgongo. Nilidhani wamegombana. Nilimwambia amrudishe Jumapili, na aje na mwanamke. Nilimwambia hizi ni za kuanzia tu. Jumapili nilikaa hapa namngoja. Ulikuwa wapi?"

Jumapili Euphrasia alikuwa kazini.

"Wewe umeyaona?" Daktari Guo akauliza. "Makohozi yenyewe. Ni ya rangi gani?"

Ebo! Hilo swali, kuulizwa yeye! Kazi ya Euphrasia Nekoye, siku sita kwa wiki, ni kumlea mzee mmoja Mzungu huko Bethesda, Bwana Pruitt, mwenye mapafu yaliyochoka. Kila baada ya saa mbili anamkalisha, anampiga mgongo taratibu, anamshikia kikombe, kisha anaandika kwenye daftari la familia: rangi, uzito, kiasi. Rangi ya makohozi ya Bwana Pruitt anaijua kuliko rangi ya mapazia ya nyumbani kwake. Watu wa kanisa wanaomtembelea nyumbani wameshazoea maneno yake. Akirudi jioni anatupa mkoba kwenye kochi na kulalamika, "Jamani, makohozi ya leo! Mtu asinitajie kikohozi hadi kesho!" Na watu hucheka, kwa sababu analisema kwa madaha.

"Hujayaona," akasema Daktari Guo, na hakuuliza tena. "Umemwacha mama yako mgonjwa nyumbani, umekuja kwangu kugomba. Nenda nyumbani ukatazame. Yakiwa ya njano, ya kahawia, au yana damu, usirudi hapa. Mpeleke hospitali leo hii. Na hizi ziache, asinywe tena hata tone."

Hakuna kitu kinachomkera mtu kama kufukuzwa na aliyekuja kumfokea, tena akiwa anasema kweli. Euphrasia alitoka bila kuaga. Kwenye barabara kuu ya Beltway alipiga honi kwa watu wasio na kosa, akawaombea mabaya madereva wa malori wote, na kila alipokwama alimpigia simu mume wake. Festus hakupokea. "Ameupa ukuta mgongo," akasema peke yake ndani ya gari. "La, ameupa ukuta uso! Mkalimani wa ukuta! Leo atanitambua."

Alimkuta pale pale kwenye maegesho ya fleti zao, Lanham, ndani ya Corolla yake. Festus Simiyu, mwanamume wa kilo mia moja, amejikunja nyuma ya usukani na sahani ya ugali na sukuma wiki mapajani, simu inachaji, koti lake la kuegesha magari ya wageni wa hoteli limetundikwa dirishani. Kazi yake ya Alexandria ilikuwa inaanza saa kumi, na sasa ilikuwa saa nane.

Euphrasia alifungua mlango wa gari kwa nguvu hata sahani ikacheza.

"Unakula ndani ya gari?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Unakula ndani ya gari kama mtu asiye na nyumba, na mama yangu anakufa huko juu kwa uwongo wako! Nani alikuambia useme meupe?"

Festus aliweka sahani juu ya dashibodi polepole. "Mama mwenyewe."

"Na wewe ulitazama?"

"Nitazame nini, Euphrasia?" Sasa naye alishuka, akasimama, akamzidi mke wake kwa kichwa na nusu. "Nitazame nini? Unataka nimwambie mama mkwe wangu, mama toa ulimi nikuone? Mama tema hapa nitazame? Mimi? Wewe ni Mbukusu ama umekuwa nani?"

Haya, msomaji asiyejua ajue sasa. Kwa Wabukusu mama mkwe na mume wa bintiye hawachezeani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja anampisha mwenzake kwa kuingia kichakani. Si chuki, ni heshima yenyewe. Sasa Lanham kichaka utakipata wapi, ndani ya fleti ya vyumba viwili na bafu moja?

"Alhamisi asubuhi nilikuomba," Festus akaendelea. "Nilikuomba pale jikoni. Nikakuambia usichukue shifti ya dabo leo, hili si jambo langu, nenda na mama yako. Ukasema nini?"

Euphrasia alikumbuka alichosema. Alisema, Festus, ni dawa tu mnaenda kununua, huendi kumzalisha.

"Ukacheka, ukaenda," Festus akasema. "Nikampeleka. Alikaa kiti cha nyuma, amejifunika, hakukohoa hata mara moja kutoka hapa hadi Rockville. Dakika arobaini! Unajua mtu mwenye kifua kile asikohoe dakika arobaini anafanya nini? Nilisikia anavyomeza. Nikawasha redio ili asijue nasikia. Na yule Mchina alipouliza rangi, mama akameza, halafu akasema, mwambie ni meupe tu, mwanangu. Ningembishia? Ningemwambia mama mkwe wangu unadanganya?"

"Ungenipigia simu!"

"Nilikupigia. Ulikuwa kwa mzee wako. Na Ijumaa nikakuambia, daktari anataka arudi Jumapili na mwanamke. Ukasema una shifti."

"Hukusema ni muhimu."

"Aka! Daktari anasema mrudishe mgonjwa, hadi nikuongezee mimi neno muhimu?"

Walikuwa wakipiga kelele sasa, Kiswahili na Kibukusu na Kiingereza vimechanganyika, mwanamke mmoja wa ghorofa ya chini amefungua dirisha kuwatazama. Euphrasia alitaka kumpiga mtu. Alitaka kumpiga Festus, na alitaka kumpiga Jepkosgei na kikohozi chake kilichopona, na alitaka kumrudia yule mama wa miwani ya kamba akamwambie jambo moja la mwisho.

"Na kwa nini unakula ndani ya gari?" akafoka, kwa sababu ndilo swali pekee lililobaki ambalo hakujua jibu lake.

Festus alitazama pembeni. "Nikiwa ndani hakohoi. Anajiziba na leso hadi nasikia kitanda kinatetemeka. Na chooni haendi. Nikiwa nyumbani haendi chooni, Euphrasia, anaogopa kupishana na mimi pale koridoni. Nimegundua hata maji ameacha kunywa, ili asiende. Kwa hiyo nikitoka kazini nalala kidogo, halafu nashuka huku. Nakaa hapa. Akohoe kwa amani, anywe maji, aende chooni." Akafuta mdomo kwa mkono. "Wiki ya tatu hii."

Wiki ya tatu! Wiki tatu watu wawili wazima wanaheshimiana hadi mmoja anakonda na mwingine anahamia garini, na yeye mwenye nyumba hana habari. Hasira ya Euphrasia ilitafuta mahali pa kutua ikakosa. Alimwacha Festus amesimama pale, akapanda ngazi mbili mbili.

Fleti nzima ilinuka tangawizi na maganda yaliyochemshwa. Chungu kilikuwa kwenye jiko, bado kina vuguvugu, na ndani yake kilibaki kikombe cha leo hakijanywewa. Euphrasia alikinyanyua akakimwaga chote kwenye sinki. Akaenda chumbani.

Mama Nabwile alikuwa ameegemea mito mitatu, leso imefungwa kichwani, nyingine imefunika mdomo. Mdogo wa mwili tangu zamani, sasa amekuwa kama mtoto aliyevikwa nguo za dadake. Kila pumzi ilikuwa na mlio ndani yake, na mbavu ziliingia na kutoka chini ya gauni. Euphrasia aliyajua mambo hayo yote kwa majina yake ya kikazini. Kama ingekuwa ni Bwana Pruitt angekuwa ameshapiga simu asubuhi.

"Mama, unatema wapi?"

"Umerudi mapema," akasema mama. Maneno mawili, pumzi moja.

"Nimekuuliza unatema wapi."

"Sitemi. Ni kikohozi cha juu juu."

Euphrasia alipiga magoti akaangalia chini ya kitanda. Masanduku, viatu vya kanisani, mfuko wa zawadi za kurudi nazo Chwele. Alivuta kila kitu nje. Mama alisema, "Nekoye, acha," na alipoona haachi akasema kwa ukali wa zamani, ule wa shambani, "Nekoye!" Lakini Euphrasia alikuwa ameshaliona. Nyuma kabisa, kwenye pembe ya ukuta, kopo la kakao lenye kifuniko, limezungushiwa taulo kama kitu cha thamani.

"Hilo halionyeshwi," akasema mama. "Mkwe yumo."

"Mkwe hayumo! Mkwe anakula ndani ya gari! Mkwe amehama nyumba yake mwenyewe ili wewe uteme mate, na wewe hutemi! Mficha maradhi, mama, si ninyi mliotufundisha? Mficha maradhi, kifo humuumbua!"

"Nyumba ya mkwe…" Mama akakatika, akakohoa, akajiziba kwa leso kwa mikono miwili, mabega yakiruka. Alipotulia alimeza. Euphrasia alimwona akimeza. Koo lilipanda likashuka, macho yakalengwa na machozi ya kujikaza.

Alifungua kopo.

Hatutaeleza yote. Yalikuwa ya kahawia, mazito ya kunata, na ndani yake mistari ya damu ya rangi ya kutu, na kopo lilikuwa limefika zaidi ya nusu. Hakuna siku hata moja ambayo yaliwahi kuwa meupe. Euphrasia alirudisha kifuniko. Kama angeulizwa hapo ghadhabu yake ni kwa nani angejibu, kwa wote, kwa kila mtu aliyeko Maryland na Bungoma.

Alipiga simu. Ambulensi ilikuja kwa dakika tisa. Vijana wawili walimfunga Mama Nabwile kwenye kiti cha kubebea wagonjwa, wakamwekea oksijeni, wakaanza kumshusha ngazi. Kwenye kona ya ngazi alisimama Festus Simiyu, ameubana mlango wa nje kwa mguu usijifunge, uso wake umegeukia ukuta. Mama alivuta leso ikamfunika uso. Wakapishana hivyo. "Pole, mama," Festus akauambia ukuta, na kutoka ndani ya leso na ile barakoa ya oksijeni ikatoka sauti ndogo, "Asante, mwanangu."

Ambulensi ilipoondoka Festus aliifuata na Corolla, sahani ya ugali bado iko kwenye dashibodi.

Hospitalini walimpiga picha ya kifua, wakamtundikia maji na dawa mshipani. Daktari kijana akasema nimonia, pafu la kulia karibu nusu, na mwili umekauka maji. Akasema mngengoja hadi kesho tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Akasema pia kwamba inabidi wapime makohozi yenyewe, wajue ni mdudu gani wanayepigana naye, kwa hiyo mama akohoe kwa nguvu, kutoka chini, ateme kwenye kikombe. Akaondoka. Nesi akaja na kikombe cha plastiki chenye kifuniko cha rangi ya chungwa.

"Mwambie akohoe," nesi akasema.

Euphrasia akamwambia. Mama Nabwile alikitazama kile kikombe, akafunga midomo, akatikisa kichwa.

"Mama, ni kipimo."

Kichwa kikatikisika tena. Kikohozi kilikuja chenyewe, kikamwinua kutoka kwenye mto, na mama alijiziba kwa kiganja, kwa kuwa leso walishamvua. Akameza.

Hapo Euphrasia alilipuka. Alishalipuka Rockville, alishalipuka maegeshoni, lakini kote huko kulikuwa ni kutia gari moto tu. "Mama! Unataka kufa? Sema kama unataka kufa, nikukatie tikiti ukafie Chwele! Hapa hakuna mkwe! Festus yuko chini, ghorofa tatu chini, anatafuta mahali pa kuegesha! Hapa tupo wanawake watatu! Sasa unamficha nani? Eh? Unamficha nani?"

Nesi alirudi nyuma hatua moja, ingawa hakuelewa neno. Mama Nabwile alisubiri pumzi. Ilichukua muda. Alimtazama bintiye bila hasira yoyote, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo mwulizaji mwenyewe analijua.

"Wewe," akasema.

"Mimi?"

"Siku ile nimefika. Uliniacha na Festus… ukaenda kazi. Jioni ukaingia." Alivuta oksijeni. "Ukatupa mkoba. Ukasema, makohozi ya mzee huyu yatanitoa roho… mtu asinitajie kikohozi. Na kesho yake ukasema. Na kesho kutwa. Watu wakacheka, mimi nikakuona mikono. Imechubuka kwa sabuni." Akafumba macho. "Nikasema moyoni, mwanangu anashinda kwenye makohozi ya watu mchana kutwa. Mimi niliyemzaa nimletee mengine usiku? Nikasema basi. Yangu nitameza."

Ile hasira yote, ya Rockville na ya Beltway na ya maegeshoni, ilirudi ikamkuta mwenyewe. Haikuwa na pengine pa kwenda. Wiki saba mama yake alikuwa akikohoa chumba cha pili, ukuta mwembamba kama kadibodi, na yeye mwenye daftari la rangi na uzito na kiasi hakuwahi kuuliza. Alimtuma mwanamume mwenye uso ukutani akamuulizie. Halafu akawagombeza wote, mmoja baada ya mwingine, hadi akaishiwa na watu.

"Mimi ni mjinga," akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa nesi asiyejua Kiswahili. "Mjinga wa mwisho."

Alikichukua kile kikombe mkononi mwa nesi. Nesi akamnyooshea glavu, yeye akazikataa kwa kichwa. Akapanda kitandani nusu, akamkalisha mama yake kama anavyomkalisha Bwana Pruitt, mkono mmoja kifuani, mwingine ukipiga mgongo taratibu kutoka chini kwenda juu. Mgongo ule ulikuwa mwembamba kuliko wa Bwana Pruitt. Alihesabu mifupa yake kwa kiganja.

"Kohoa, Mama."

Mama akakohoa. Kikohozi kilitoka mbali, kikachimba, kikaleta. Euphrasia alimsogezea kikombe chini ya kidevu, akaona midomo inafungwa tena kwa mazoea, koo linajiandaa kumeza.

"Usimeze!" Alifoka, na sauti ikavunjika katikati. "Usinimezee tena, Mama! Tema!"

Mama Nabwile akatema.

Euphrasia alikiinua kikombe kwenye taa. Hakugeuza uso. "Ya kahawia," akamwambia nesi kwa Kiingereza, "mazito, yana damu, kama kijiko kimoja," jinsi alivyozoea kumwandikia mtu mwingine kila baada ya saa mbili. Kisha akafuta midomo ya mama yake kwa kiganja kitupu, akakirudisha kikombe chini ya kidevu.

"Tena," akasema. "Tema tena. Natazama."